Shajara ya mradi: meza ya omu 75 ya kujifunzia laini za kusafirisha mawimbi na antena

Lengo ni meza moja ya majaribio pamoja na vitini vyake vya Kiswahili, kwa mwanafunzi wa stashahada au wa mwaka wa kwanza wa uhandisi. Aanze kwa kuuona mpigo wa umeme ukisafiri ndani ya waya, ndipo aende kwenye impidansi (uwiano wa volti na mkondo, unaopimwa kwa omu), kisha antena. Milinganyo ya Maxwell, yaani kanuni za msingi za umeme na sumaku, inakuja baada ya mwanafunzi kuwa na kitu cha kuifafanua. Vitini vingi huenda kinyume na mpangilio huu, na matokeo yake ni wanafunzi wanaokokotoa kizigeu cha uakisi (sehemu ya wimbi inayorudi) bila kosa lakini hawajawahi kuuona mwangwi hata mmoja kwenye kioo cha osiloskopu.

9 Agosti 2025: Kwa nini omu 75

Vifaa vya maabara ya redio kwa kawaida ni vya omu 50. Sisi tumechagua 75 kwa sababu mbili. Kwanza, kebo ya dishi aina ya RG-6 inapatikana kila mji wenye fundi dishi, pamoja na konekta zake za F, koleo la kubania na vizibo vya mwisho. Pili, dipoli ya nusu wimbi (antena ya mikono miwili, urefu wake wote nusu wimbi) ikiwa mahali pa wazi ina ukinzani wa omu 73 hivi inapofikia rezonansi (masafa ambayo impidansi yake ni ukinzani mtupu), kwa hiyo inaungwa kwenye kebo hii bila transfoma ya kulinganisha. Mwanafunzi anatumia kebo ileile kuanzia somo la kwanza hadi la mwisho.

Gharama ya kifaa kikubwa: osiloskopu ya MHz 100 yenye chaneli mbili, Sh 980,000. Ya MHz 50 ni nafuu, lakini muda wake wa kupanda ni nanosekunde 7 (0.35 gawanya kwa upana wa masafa wa kifaa), dhidi ya 3.5 kwa ile ya MHz 100. Kwenye kebo yetu, nanosekunde 3.5 ni karibu sentimita 44 za kebo ukihesabu kwenda na kurudi. Hicho ndicho kikomo cha undani tunaoweza kuuona.

23 Agosti 2025: Kitoa mipigo

Sakiti ni chipu moja yenye vigeuzi sita vya Schmitt. Kigeuzi cha kwanza ni oshileta: rezista ya kiloomu 1 kutoka mguu wa 2 kurudi mguu wa 1, na kapasita ya nF 10 kutoka mguu wa 1 kwenda graundi. Mguu wa 2 unalisha miguu ya 3, 5, 9, 11 na 13. Matokeo yake (4, 6, 8, 10 na 12) kila mmoja unapita kwenye rezista ya omu 330, kisha yote matano yanakutana kwenye soketi ya F. Umeme ni volti 5 kutoka chaja ya simu. Rezista tano za 330 sambamba ni omu 66; ukiongeza ukinzani wa ndani wa chipu unakaribia 75. Masafa yanatoka kati ya kHz 100 na 150, kutegemea chipu.

Jaribio la kwanza lilitumia 74HC14 kwa sababu ndiyo iliyokuwa dukani. Halikufaa. Ngazi ya volti, yaani mruko wa kutoka 0 kwenda juu, ilipanda polepole kiasi kwamba kwenye kipande cha mita 3 mwangwi uliungana na ngazi yenyewe. Kuna tatizo jingine lisiloonekana kwenye kioo: mwisho wa kebo ukifungwa shoti, chipu inatakiwa kutoa takriban milliampea 69, na familia ya HC ina ukomo wa 50 kwa mguu wa umeme. Itafanya kazi kwa muda, kisha itakufa mikononi mwa wanafunzi. Tumia 74AC14, Sh 2,500. Haraka yake inatosha na mkondo inaumudu.

Kasi hiyo ina bei yake. Kwenye bredibodi, 74AC14 ilitoa ngazi iliyojaa mitetemo kuliko ngazi yenyewe, kwa sababu nyaya ndefu za graundi zina induktansi. Tiba: kata kipande cha bodi yenye shaba, cm 5 kwa 5, lehemu mguu wa 7 moja kwa moja kwenye shaba, kisha kapasita ya seramiki ya nF 100 kati ya mguu wa 14 na shaba, miguu yake ikiwa mifupi kadiri inavyowezekana. Soketi ya F ilehemiwe kwenye shaba hiyohiyo. Ukiacha kapasita hiyo sentimita 3 mbali na chipu, mitetemo inarudi.

13 Septemba 2025: Kebo

Roli ya RG-6 ya bei ya chini iligharimu Sh 75,000. Kabla ya kukata chochote, pitisha sumaku kwenye waya wa kati. Ukivutwa, huo ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa mawimbi ya juu hilo si tatizo, maana mkondo hukaa kwenye ngozi ya waya. Kwa MHz 100 kina cha ngozi katika shaba ni mikromita 6.6 tu. Lakini ngazi yetu ya volti ina masafa ya chini pia, na huko chuma ndicho kinachobeba mkondo. Kwenye roli nzima waya wa kati pekee ulipimwa kuwa na omu 8. Mwanafunzi akifunga omu 75 mwishoni, ngazi inapanda taratibu baada ya mwangwi na kutulia kama vile mzigo ni 83. Anadhani amekosea hesabu, kumbe hesabu iko sawa.

Hatukuitupa roli hiyo. Imebaki kwa somo la upotevu, na kwa masomo ya mwanzo tumenunua mita 30 za RG-6 yenye waya wa kati wa shaba tupu.

Utaratibu wa kupata kasi: pima mita 10 kamili kwa futi kamba, funga kwenye kitoa mipigo, acha mwisho wazi, soma muda kati ya ngazi ya kwanza na ya pili. Tulisoma nanosekunde 80.3. Mita 20 gawanya kwa muda huo ni 2.49 × 10⁸ kwa sekunde, yaani asilimia 83 ya kasi ya mwanga, ambayo ndiyo inayotarajiwa kwa kebo yenye kihami cha povu. Kisha roli iliyoandikwa mita 100 ilipimwa kwa kasi hiyohiyo: mwangwi ulirudi baada ya nanosekunde 702. Hiyo ni mita 87.4. Tumelifanya kuwa zoezi la kudumu kwenye kitini cha kwanza. Hakuna swali la mtihani linalomfundisha mtu umuhimu wa kizigeu cha kasi (ile asilimia 83) kuliko mita 12.6 alizolipia na hakuzipata.

Konekta za F za kuzungusha kwa mkono ziachwe kabisa. Ukigusa kebo, wavu wa nje wa kebo unapoteza mguso na kioo kinaonyesha kidonda kinachokuja na kuondoka. Za kubana kwa koleo ni Sh 500 hadi 800 kila moja. Halafu, wavu wa kebo nyingi za dishi ni wa alumini, na risasi ya kawaida haishiki alumini. Popote kitini kilipokuwa kimeandika "lehemu wavu" pamebadilishwa kuwa konekta ya kubana au konekta ya skrubu ya mafundi umeme.

4 Oktoba 2025: Spilita, vizibo na waya wa probu

Wiki hizi zilikwenda kwa mambo matatu yanayofanana na makosa ya mwanafunzi lakini ni makosa ya vifaa.

Spilita ya TV haifai kuwa T ya kuchungulia ishara. Ndani yake mna transfoma ndogo iliyotengenezwa kwa MHz 5 na kuendelea. Ngazi ya kHz 100 inatoka upande wa pili ikiwa vijiti viwili vyembamba. Badala yake, tundu la probu (kalamu ya kupimia ya osiloskopu) limewekwa kwenye bodi ya kitoa mipigo, palepale rezista tano zinapokutana.

Vizibo vya omu 75 vya kufungia matundu ya spilita vinatofautiana. Baadhi vina kapasita ndani ili kuzuia umeme wa dishi usipite. Kwenye kioo kizibo cha namna hiyo kinaanza kama mzigo unaolingana, kisha volti inapanda kwa mkunjo hadi kufikia hali ya mwisho wazi. Multimita inakitambua mara moja: hakisomi 75, kinasoma wazi. Tumetengeneza vizibo vyetu: rezista mbili za omu 150 za utando wa metali, sambamba, ndani ya soketi ya F. Rezista za waya wa kuzungushwa zisitumike, ni koili. Kizibo hicho chenye kapasita tumekiweka kama fumbo la kitini cha pili, kwa sababu mkunjo wake unampa mwanafunzi thamani ya kapasita: muda wa kufikia asilimia 63 ya mkunjo ni zao la C na omu 150 (75 za mzigo na 75 za chanzo).

Waya mrefu wa graundi wa probu, ule wenye klipu, una induktansi ya takriban nH 150. Ukichanganya na pF 12 za probu unapata mtetemo karibu na MHz 118, ambao wanafunzi wote huuandika kwenye ripoti kama "uakisi". Toa klipu, weka springi fupi inayokuja na probu. Kama haipo, zungusha waya mwembamba wa shaba kwenye pete ya ncha ya probu.

Jedwali la kuhakiki meza, likiwa na chanzo cha volti 5: mwisho wazi, volti 5; shoti, volti 0; omu 75, volti 2.5; omu 50, kizigeu cha uakisi −0.2 na volti 2; omu 150, +0.33 na volti 3.33. Meza isipotoa namba hizi kwa tofauti ya chini ya asilimia 5, usianze somo.

18 Oktoba 2025: Jaribio la tanuri limehamishwa

Mpango ulikuwa kupima kasi ya mwanga kwa tanuri la mikrowevu: karatasi ya risiti za mashine ya EFD, ambayo huwa nyeusi kwa joto, imewekwa juu ya karatasi ya tishu yenye maji, sahani ya kuzunguka imetolewa, glasi ya maji imewekwa pembeni, sekunde 10 hadi 15. Madoa meusi yanatokea vizuri sana na yanapendeza. Tatizo ni umbali kati yake. Kwa MHz 2450 nusu wimbi ni cm 6.1, lakini madoa yalikaa kati ya cm 6.5 na 9.

Sababu iko kwenye fizikia yenyewe. Ndani ya sanduku la metali wimbi limegawanyika katika pande tatu, na nusu wimbi linaloonekana upande mmoja haliwezi kuwa fupi kuliko nusu wimbi la hewani. Mara nyingi ni refu zaidi. Maelekezo mengi hulipita hilo, na mwalimu huishia kuchagua madoa mawili yanayokubaliana na jibu. Karatasi hiyo sasa iko kwenye kitini cha visanduku vya rezonansi, ambako kazi yake ni halali. Onyo limeandikwa ukurasa wa kwanza: tanuri halifunguliwi kifuniko kamwe. Kapasita iliyo ndani hubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuchomoa plagi.

Kasi ya mwanga sasa inapimwa kwa nyaya mbili tupu za shaba za mm 2, zilizotenganishwa mm 25 kwa vipande vya mbao kavu, urefu mita 5, mwisho shoti. Impidansi yake ni 276 × log(2 × 25 ÷ 2), yaani omu 386. Hailingani na 75, lakini hilo linasaidia: mwanafunzi anaona ngazi ikiruka juu kwenye maungio (kizigeu 0.67) kisha ikianguka shoti inaporudisha habari. Tulisoma nanosekunde 34 kwa mita 10 za kwenda na kurudi. Hesabu kamili inadai 33.4. Ning'iniza nyaya angalau nusu mita kutoka sakafuni, na ubane feraiti mbili (pete za kuzuia mkondo usitembee juu ya ngozi ya nje ya kebo) kwenye kebo kabla ya maungio.

8 Novemba 2025: NanoVNA ndani ya dunia ya omu 75

NanoVNA-H4, Sh 260,000, ni kifaa kidogo cha kupima uakisi kwa kila masafa, nacho ni cha omu 50. Tulianza kwa kukalibreti kwenye mlango wake wa SMA (konekta ndogo ya skrubu), kisha tukaongeza adapta na mita 3 za kebo ya dishi. Dipoli iliyokuwa sawa ikachora mizunguko kwenye chati ya Smith (mchoro wa duara wa kusomea impidansi) kama koili ya godoro, kwa sababu kebo inazungusha uakisi kadiri masafa yanavyopanda.

Suluhisho ni kukalibreti mwishoni mwa kebo kwa konekta za F: moja wazi, moja shoti, na moja yenye kizibo chetu cha omu 75. Kifaa kinaamini kwamba kizibo hicho ni mzigo kamili, hivyo kila uakisi unaofuata unapimwa dhidi ya 75. SWR (kipimo cha ulinganifu, 1 ikiwa kamili) inayosomwa ni sahihi. Kinachopotoka ni R na X (ukinzani na riaktansi), kwa sababu programu inazidisha kwa 50. Zidisha wewe kwa 1.5. Uhakiki: omu 50 lazima isome SWR 1.5 na ukinzani wa 33.3 kwenye kioo; omu 150 isome SWR 2 na 100.

Faili za s1p, zinazohifadhi vipimo vya kifaa hiki, zina mstari wa kichwa unaoishia na R 50. Badilisha uwe R 75 kabla ya kuifungua kwenye scikit-rf (maktaba ya Python), na namba zote zitajipanga zenyewe. Usitumie amri ya renormalize (ya kuhamisha vipimo kwenda impidansi nyingine) kabla ya kubadilisha kichwa. Utakuwa umesahihisha mara mbili.

29 Novemba 2025: Dipoli ya FM

Haturushi chochote. Vituo vya FM vinatoa ishara bure mchana kutwa. Kwa MHz 98, 143 ÷ 98 ni mita 1.46, kila mkono cm 73, waya wa nyumba wa mm² 2.5 kwenye bomba la PVC.

Rezonansi ilikuja MHz 94.6. Plastiki ya waya inapunguza kasi ya wimbi asilimia chache, na kanuni ya 143 ni ya waya tupu. Cm 70.5 kwa kila mkono ndiyo iliyorudisha 98. Anza na 73, kata nusu sentimita kila mara, pande zote mbili.

Ndani ya darasa la paa la bati vipimo havikutulia: ukimshika mtu bega karibu na antena, SWR inabadilika. Nje, kwenye nguzo ya mbao ya mita 3 (karibu wimbi zima), ilitulia kwenye SWR 1.1. Lakini kwanza ilibidi kebo yenyewe iache kuwa antena. Bila feraiti, ukitembeza mkono kwenye kebo rezonansi inasogea. Feraiti tano za kubana zenye tundu la mm 7, zikipangwa mfululizo kuanzia kwenye maungio ya dipoli, zinamaliza hilo. Kuzungusha RG-6 kwenye bomba la maji kuwa koili hatukupendekeza, kwa sababu kebo hii hujikunja ndani ikipindwa kwa kipenyo kidogo na impidansi yake huharibika pale.

Faili la NEC2 (mfumo wa kukokotoa antena kwa kompyuta) kwa xnec2c, ambayo ni programu huria:

CE
GW 1 21 0 -0.73 3 0 0.73 3 0.00089
GE 1
GN 2 0 0 0 13 0.005
EX 0 1 11 0 1 0
FR 0 41 0 0 88 0.5
RP 0 19 73 1000 0 0 5 5
EN

Vipande 21 si namba ya bahati: lazima iwe witiri ili chanzo kikae kipande cha 11, katikati kabisa. Kwa 20 chanzo kinaegemea upande mmoja na impidansi inapotoka. NEC2 haijui plastiki ya waya, kwa hiyo inatoa rezonansi karibu na 98 kwa mikono ya cm 73. Tofauti hiyo na kipimo imeachwa kwenye kitini kwa makusudi, mwanafunzi aieleze.

20 Desemba 2025: Umbo la mapokezi

Kipokezi cha RTL-SDR (redio ndogo ya USB inayosomwa na kompyuta), Sh 120,000. Dipoli inazungushwa kila digrii 15 na nguvu ya kituo kimoja inaandikwa. Mambo manne yaliharibu mchoro wa kwanza:

Ukuzaji wa kujirekebisha ulikuwa umewashwa, kwa hiyo mchoro ukawa duara. Zima, weka thamani moja isiyobadilika.

Tulisoma kilele cha ishara, na kilele cha FM kinacheza na muziki. Jumlisha nguvu ya kHz 200 zote na chukua wastani wa sekunde 30.

Kituo cha karibu kilizidi uwezo wa kipokezi, vituo vya uongo vikatokea. Weka kipunguza nguvu cha desibeli 10 cha omu 75: rezista ya 110 katikati, na 150 kwenda graundi kila upande.

Darasani, tofauti kati ya upande wenye nguvu na ncha za dipoli ilikuwa desibeli 6 tu, kwa sababu mawimbi yanarudi kutoka kwenye bati na kuta. Uwanjani ilifika 17. Chagua pia kituo ambacho mnara wake unaonekana kwa macho, na jaribu dipoli ikiwa imesimama na ikiwa imelala kabla ya kuanza. Mpangilio wa mawimbi unatofautiana kati ya vituo.

Kitini cha setilaiti kimeandikwa upya. Maelekezo mengi yaliyozagaa bado yanamtuma mwanafunzi kutafuta picha za NOAA 15, 18 na 19, setilaiti za hali ya hewa za Marekani, kwenye MHz 137. Zote tatu zilistaafishwa mwaka 2025. Antena ileile ya V, mikono ya cm 53.4 na pembe ya digrii 120, inapokea Meteor-M za Urusi karibu na MHz 137.9, ila ishara yake ni ya kidijitali na inahitaji programu tofauti ya kufasiri.

17 Januari 2026: Meza ya pili bila osiloskopu

Ili kupunguza ile Sh 980,000, meza ya pili inatumia NanoVNA yenyewe kuonyesha mwangwi, kwa kugeuza vipimo vya masafa kuwa vya muda. Inafanya kazi, ila ilitupa jibu la kushangaza: mwisho wa roli ya mita 87.4 ulionekana kwenye mita 32.

Pointi 401 hadi MHz 900 zinapishana kwa MHz 2.25, na umbali mrefu zaidi unaoweza kuonekana ni kasi ya wimbi gawanya kwa mara mbili ya hatua hiyo, yaani mita 55.3. Kinachozidi kinajikunja na kurudi mwanzo: 87.4 toa 55.3 ni 32.1. Teremsha kikomo hadi MHz 300 na hatua inakuwa 0.75, umbali mita 166. Unalipa kwa undani: kutoka sentimita 14 hadi 42 hivi, na zaidi ya hapo kama dirisha la kulainisha limewashwa. Kwa vipande vya darasani vya mita 3 hadi 20 bakia na MHz 900; kwa roli shuka. Kalibreti upya kila unapobadilisha kikomo.

Meza hii, pamoja na SDR, mita 30 za kebo ya shaba, konekta, feraiti na bodi, imefika Sh 465,000. Kilichobaki ni Yagi (antena ya vijiti sambamba inayoelekea upande mmoja) ya vipande vitatu kwa bendi ya TV ya UHF. Vipande vimekatwa, tunasubiri boriti ya mbao, kwa sababu ya kwanza ilikuwa mbichi na rezonansi ilisogea kadiri ilivyokuwa ikikauka.